Koti la Agisilao Lilivyotembezwa Mtaani

Agisilao alifia kwenye duka la mikate, Jumanne asubuhi, akiwa kwenye foleni. Alikuwa amegeuka nyuma kumwambia mtu neno, na mtu huyo mpaka leo anasema hakulisikia. Walipokuja kumwita mke wake, Evanthia, walimkuta mezani anaandika. Alizima jiko, akavaa viatu, akafunga mlango kwa ufunguo. Njiani alikuwa anawaza kwamba hakuweka alama kwenye ukurasa aliofikia.

Na ndivyo ilivyoendelea. Watu wa Nea Ionia, mtaa wao pale Volos, Ugiriki, walimsubiri alie. Kule kwao mjane akichelewa kulia majirani wanakosa raha, wanazidisha kumletea vyakula na kumkazia macho. Evanthia alipokea vyakula, akarudisha sufuria zikiwa safi. Makaburini alimwaga udongo na divai juu ya jeneza pale alipotakiwa amwage. Binti yao alikuja kutoka Stuttgart, akalia kwa niaba ya wote wawili, akarudi kazini kwake. Evanthia alimsindikiza stendi ya basi. Basi lilipoondoka alibaki amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke.

Alikuwa mwandishi. Kitabu kilichompa jina kilihusu Halkopetra, mji mdogo wa ng'ambo ya bahari, katika pwani ya Waturuki. Nusu ya mtaa wao ilitoka huko. Mababu zao walikimbia mwaka 1922, vita vilipowageuka na nyumba zikachomwa, wakafika Volos na nguo walizovaa. Evanthia aliuandika mji huo kana kwamba vita vile viliisha kwa namna nyingine. Katika kitabu chake hakuna aliyepanda meli. Mwaka 1958 watu wa Halkopetra bado wako kwao, wanauza zabibu, wanaoana, wanagombania mipaka ya mashamba, wanazikana. Wajukuu wa waliokimbia walikipenda kitabu hicho hata wale ambao hawana desturi ya kusoma. Chama chao cha wazawa wa Halkopetra kilikinunua kwa maboksi.

Asubuhi ile ya kifo alikuwa akiandika maelezo ya mwisho ya toleo jipya. Mhariri wake, Mirsini, aliyeko Thesaloniki, ndiye aliyeyataka. Wasomaji walikuwa hawaachi kuuliza: hizi mila za kwenye kitabu ni za kweli au umezitunga? Walimu walikuwa wanakitumia shuleni. Kwa hiyo Mirsini alimwomba azitenganishe, za kweli upande huu, za kubuni upande ule, ili kila mtu ajue anasoma nini. Evanthia alikuwa ameshafika kwenye mila ya mkate wa harusi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wifi yake alihamia pale nyumbani. Harikleia alikuwa dada mkubwa wa Agisilao, ana miaka themanini na kitu, hakuolewa, alifanya kazi kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa. Aliingia na mkoba mmoja akaanza kupanga msiba. Televisheni ikafunikwa shuka. Taa ya mafuta ikawashwa mbele ya picha takatifu. Sukari ikawekwa juu ya kabati, kahawa ikanywewa chungu. Evanthia hakuhitaji kuelezwa lolote. Mambo hayo yote aliwahi kuyarekodi kwa kinasa sauti, mengine kutoka kwa Harikleia huyuhuyu, alipokuwa akitafuta habari za kitabu. Sasa aliyatimiza moja baada ya jingine kama mgonjwa anavyomeza vidonge alivyoandikiwa, bila kuuliza kipi ni cha nini.

Wiki kama mbili kabla ya arobaini, wakiwa jikoni, Harikleia aliuliza, “Wifi, lile koti la kijivu umeliweka wapi?”

“Liko nyuma ya mlango. La nini?”

“Rafiki yake Sarandi atalivaa. Siku ya arobaini tunalitembeza.”

Evanthia alikuwa anamenya kitunguu. Aliendelea kukimenya mpaka kikaisha.

Mila ya kutembeza koti kila mtu pale mtaani anaijua. Mwanamume akitimiza arobaini, rafiki yake analichukua koti lake, analigeuza bitana ikae nje, analivaa na kupita nalo kila mahali marehemu alipozoea kwenda. Haongei. Wenye maduka wakiliona koti wanatoka, na kila mmoja anatia kitu kidogo mfukoni. Kisha koti linarudishwa kwa mjane, mifuko inamwagwa mbele yake, na yeye anauliza kila kitu kimetoka kwa nani. Makoti saba au manane yalikuwa yameshatembezwa pale Nea Ionia. La kwanza lilikuwa la baba wa mwenyekiti wa chama. Mtu wa chuo kikuu alikuja akapiga picha.

Halkopetra ya kweli haikuwahi kutembeza koti la mtu yeyote. Evanthia aliitunga mila hiyo mwenyewe, akiwa kwenye meza ileile ya dirishani. Mirsini, wakati huo bado kijana na mkali, alimpigia simu kumwambia kwamba kitabu kina kasoro. Watu wako wapo mwaka 1958, alisema, lakini wanaoa na kuzika kama mwaka 1920. Watu walioachwa wakae kwao kwa amani miaka yote hiyo wangekuwa wameacha mambo na kuanzisha mengine. Wanaogandisha mila ni wakimbizi, kwa sababu hawana kingine walichobeba. Watu wako hawakukimbia, wape kitu kipya. Evanthia alikiri kuwa amesema kweli. Alikata simu akatazama nje, akamwona Agisilao anavuka barabara na begi la vifaa, anakwenda kutengeneza friji ya mtu, koti amelivaa kwa haraka ndani nje. Jioni aliandika kurasa nne. Agisilao alipozisoma alicheka mpaka akakohoa. Akasema mtu akimtembeza yeye hivyo, polisi watadhani kichaa katoroka.

Kitabu kilipotoka na chama kikaanza kuifanya mila hiyo, Evanthia alikuwa safarini. Alisikia, akadhani ni namna ya kumpa heshima mwandishi. Mara ya pili alisikia wanasema ni mila ya bibi zetu. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema kitu, lakini kila mara palikuwa na msiba wa mtu, na msibani si mahali pa kusahihisha.

Sasa msiba ulikuwa wake. Aliweka kisu chini.

“Wifi, hilo jambo la koti nililitunga mimi.”

“Lipi?”

“La kutembeza. Halikuwepo. Nililiandika kwa sababu kitabu kilikuwa kinahitaji kitu.”

Harikleia alimtazama kwa huruma, jambo ambalo hakuwa akilifanya sana. “Uliliandika, ndiyo. Ulisikia kwetu ukaliandika.”

“Sikulisikia kwa mtu.”

“Mama yangu alilitembeza koti la baba. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisimama dirishani nikaliona kwa macho yangu haya, linashuka kuelekea mtoni.”

“Lilikuwa la rangi gani?”

“Kahawia. Bitana ya mistari.” Alijibu bila hata kufikiri. “Alilivaa jirani yetu, yule mchonga mawe. Alikuwa anachechemea.”

Evanthia alikuwa anaikumbuka vizuri ile kanda ya Harikleia akisimulia kifo cha baba yake. Koti lilikuwamo. Mama yao aliliuza wiki ileile kwa mlinzi wa reli, wakanunua unga, na Harikleia mtoto alikuwa akimwona yule mlinzi amelivaa kila alipopita stesheni. Hakuna mchonga mawe kwenye kanda. Sauti ya Harikleia ilikuwa ya ujana zaidi, ikasema, tulikosa hata koti la kumzikia.

Hakumwambia. Aliona kwamba angeweza kumwambia, na kwamba kanda iko kwenye droo, na kwamba hakuwa na haja ya kushinda. Alichukua kitunguu kingine.

“Huzuni imekuchanganya, wifi,” Harikleia akasema. “Wewe mambo ya vitabu unayajua. Ya kwetu tuachie sisi.”

Mirsini alipiga simu siku chache baadaye. Alitoa pole tena, ingawa alikuwa ameshatoa. Kisha akasema hataki kumharakisha, ila mitambo ya uchapaji inasubiri. Alikuwa na swali moja tu. Yule mtu wa chuo kikuu amechapisha makala, na kwenye makala kuna picha za watu wenye makoti yaliyogeuzwa, na imeandikwa kwamba mila hiyo imetoka Halkopetra. “Mimi siku zote nilidhani hii ni yako,” Mirsini alisema. “Niiweke upande gani?”

Evanthia alisema atampigia.

Siku ya arobaini ilisogezwa hadi Jumapili. Padri alisoma majina, watu wakapewa ngano ya marehemu kwenye vifuko vya karatasi, imechemshwa na kuchanganywa na sukari na punje za komamanga. Mmoja mmoja walipita mbele ya Evanthia wakimwambia, “Uishi, umkumbuke.” Aliwajibu wote. Alikuwa amekesha na Harikleia wakiipamba ile ngano, na kitu pekee alichokifikiria wakati huo wote ni kwamba mikono ya wifi yake ni myepesi kuliko yake.

Baada ya kahawa na brandi walirudi nyumbani, wao wawili, Sarandi, na wanawake wanne wa chama. Sarandi alikuwa mstaafu wa reli, mtu mkubwa wa mwili na mpole. Yeye na Agisilao walicheza tavli, mchezo wa ubao na dadu, kila jioni katika mkahawa uleule, wakitukanana juu ya dadu, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakizungumza jambo jingine. Harikleia aliligeuza koti, akakung'uta mabega yake, akamshikia. Mikono iliingia kwa taabu. Mbele halikufunga. Bitana ilikuwa ya kahawia iliyochakaa, na kwapani mshono ulikuwa umeachia, ukawatazama watu.

“Samahani, shemeji,” Sarandi alimwambia Evanthia, akivuta pumzi. “Nimejitahidi kupungua.”

Walitoka. Evanthia alichukua shali yake akawafuata. Harikleia akageuka mlangoni.

“Wewe unakwenda wapi?”

“Na ninyi.”

“Mjane hatoki. Anakaa ndani, mlango wazi, mpaka koti lirudi.” Alipoona Evanthia bado amesimama, akaongeza, “Ukurasa wenyewe si unaujua?”

Mmoja wa wale wanawake, mpole, mke wa mwenyekiti, alimshika mkono akamrudisha hadi kwenye kiti. Alikiweka kikitazama nje, sawasawa na ilivyoandikwa.

Evanthia alikaa. Alijua kwa nini mjane wa kitabuni hatoki. Alihitaji mwanamke yule awe peke yake ndani, na macho ya mtaa yawe kwenye koti, ili mwanamume aliyempenda zamani aingie kwa mlango wa nyuma na wazungumze. Hapakuwa na sababu nyingine. Ilikuwa njia rahisi ya kuwaondoa watu wote chumbani. Kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake hakuja mtu. Upepo wa Desemba ulitoka mlimani ukapita sebuleni moja kwa moja, ukainua ile shuka ya televisheni na kuishusha.

Aliliona koti likishuka barabara. Alikuwa ameandika kwamba mjane, akiliona kwa mgongo, anadhani mumewe amefufuka, anainuka nusu. Yeye hakudhani kitu. Alimwona Sarandi ndani ya koti lisilomtosha, anatembea kwa hatua fupi asije akalipasua. Miguu yake mwenyewe ilikuwa na baridi. Aliwaza soksi, zilikuwa chumbani, na mjane hatoki kwenye kiti.

Sarandi alirudi saa sita imepita. Uso ulikuwa mwekundu kwa baridi. Alivua koti, Harikleia akalipokea na kuanza kumwaga mifuko juu ya meza, na wanawake wakasimama ukutani. Evanthia alijua kinachotakiwa kwake.

“Hiki cha nani?”

“Cha duka la mikate,” Sarandi alisema. Ilikuwa pete ya mkate wenye ufuta. Mwenye duka hakuweza kutoka nje, alimtuma mke wake.

“Na hiki?”

“Wauza vipuri.” Kipande cha mpira wa mlango wa friji.

“Na hii?”

Dadu moja, ya pale mkahawani. Sarandi alisema wamebaki na moja sasa, itabidi wanunue nyingine, akatazama dirishani.

Kitu cha mwisho kilikuwa pakiti ndogo ya mtama wa ndege.

“Na hii?”

“Ya Kiriako. Mwenye duka la ndege, kule nyuma ya stesheni.”

“Sisi hatuna ndege,” Evanthia alisema. Hilo halikuwa kwenye kitabu.

“Najua, shemeji. Wala sikuwa nakwenda kwake, nilikuwa napita tu. Yeye ndiye aliyetoka mbio. Akaliangalia koti, akaniuliza, amekufa yule mzee wa Jumamosi?”

“Jumamosi?”

“Anasema alikuwa anakwenda kila Jumamosi asubuhi. Anasimama mbele ya matundu, mikono nyuma. Kwa kitambo hivi. Hanunui. Kuna wakati anamshikia mlango wa tundu, Kiriako akibadilisha maji. Halafu anaaga, anakwenda zake.”

Wanawake ukutani walitazamana. Harikleia alikuwa ameshika koti kifuani.

“Mimi aliniambia anakwenda kwa wauza vipuri,” Evanthia alisema. “Kwamba Jumamosi kuna foleni.”

“Na mimi alikuwa ananiambia hivyohivyo,” Sarandi alisema. “Nami nikamwamini. Friji gani hizo zinaharibika kila Ijumaa?”

Mtu alicheka kidogo, akaacha. Evanthia aliigeuza ile pakiti. Alisoma uzito, akasoma tarehe ya mwisho ya matumizi, ilikuwa bado mbali. Alijaribu kumfikiria mumewe amesimama mbele ya ndege, akampata kwa urahisi, mikono nyuma, kichwa upande. Ilikuwa picha safi kabisa. Haikumwuma popote. Aliiweka pakiti juu ya meza kando ya dadu, akasema asanteni, akauliza kama sasa mlango unaweza kufungwa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda. Kiriako alimtambua kwa nguo nyeusi, akamletea kigoda. Alikaa. Ndege walikuwa wengi, wa manjano na wa kijani, wanaruka kijiti hiki hadi kile na kurudi. Ndani mlikuwa na joto, kwa sababu ya hita ya mafuta iliyokuwa chini ya matundu, na alibaki zaidi kwa ajili ya hilo joto. Alimwuliza Kiriako kama mumewe alikuwa na ndege aliyempenda. Kiriako alifikiri, akasema hapana, alikuwa akiwaangalia wote. Evanthia alishukuru akarudi nyumbani. Harikleia alikuwa ameshakusanya mkoba wake, arobaini imekwisha, anarudi kwake. Televisheni waliifunua pamoja, wakaikunja shuka, huyu pembe hii na huyu pembe ile.

Jumatatu alimpigia Mirsini.

“Koti liweke kwenye za kubuni.”

“Una uhakika? Kwa sababu yule wa chuo kikuu ana mashahidi. Ana wazee walioliona utotoni.”

“Najua. Mmoja ni wifi yangu.”

“Sasa?”

“Sasa nilikuwepo lilipotungwa. Nililitunga mimi, kwenye meza hii, na sababu unaijua, wewe ndiye uliyenipigia simu. Kisha chini yake andika kwamba linafanywa. Nea Ionia, tangu kitabu kilipotoka. Andika kwamba limefanywa nyumbani kwangu pia, na mimi nilikaa kitini mpaka likarudi.”

Mirsini alisikika anaandika. “Niyaweke yote mawili? Watu watauliza ni lipi sasa.”

“Yote mawili.”

“Na wewe mwenyewe uko vipi, Evanthia?”

“Nakula,” alisema. “Nalala.”

Toleo jipya lilitoka baada ya Pasaka. Ilichukua siku chache tu watu wafike kwenye kurasa za mwisho. Mwenyekiti wa chama alikuja na kitabu kwapani, akakataa kuketi. Alisema baba yake ndiye aliyetembezwa wa kwanza, na sasa anaambiwa baba yake alitembezwa kwa jambo la hadithi. Evanthia alimwambia kwamba ndivyo. Alisubiri yeye mwenyewe ajisikie vibaya. Mwenyekiti naye alisubiri, kisha akaondoka. Chama kilifanya mkutano. Wengine walisema ameuza siri zao kwa Wathesaloniki, wengine wakauliza siri gani, kama anasema haikuwepo. Vijana wa kikundi cha ngoma walisema hawaoni tatizo. Familia moja iliyokuwa na arobaini mwezi wa Mei ikaahirisha, ikakaa, mwishowe ikalitembeza koti hivyohivyo, kwa sababu mama mwenye nyumba alisema akiwanyima majirani watasema hakumpenda mumewe.

Harikleia aliacha kusema naye. Kanisani alihamia upande wa pili. Wakikutana barabarani alivuka, taratibu, kwa umri wake, magari yakimsubiri. Evanthia alimwona akivuka mara nyingi. Alijua kwamba jambo hilo lilipaswa kumsumbua, akaliweka pamoja na mengine yaliyopaswa kumsumbua.

Katikati ya kiangazi, saa za jioni, mlango uligongwa. Harikleia alikuwa na sufuria ya majani ya mizabibu yaliyojazwa wali, imefungwa kwa taulo. Hakusalimia. Aliingia, akaiweka juu ya meza, akaketi kwenye kiti alichozoea. Evanthia alitoa sahani mbili na mtindi. Walikula. Kila mmoja alikula ya kutosha, na hakuna aliyesifu chakula.

“Nimesoma yale uliyoandika mwisho,” Harikleia alisema baadaye.

“Haya.”

“Hujui unachosema. Mama yangu alilitembeza.”

“Haya, wifi.”

Harikleia alikunja taulo, akalikunjua. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani na mama mmoja anawafukuza.

“Kitu kimoja sikukiona humo,” alisema. “Wanawake. Kitabu chako kizima wanatembezwa wanaume tu.”

“Sikuandika cha wanawake.”

“Kwa nini?”

Evanthia alifikiri. “Sikukihitaji.”

“Basi ni makosa. Mimi sina mume wala mtoto wa kunililia. Nimefanya kazi kiwandani miaka yangu yote, nimepita kila duka la mtaa huu, hakuna mtu asiyenijua. Nikifa nani atawapitia?”

Evanthia alimtazama. Yule mzee alikuwa ametazama chini, uso mkavu, anasubiri jibu kama mtu aliyeuliza saa ya basi. Ilimjia Evanthia kwamba anapaswa kumwambia, hatutaki tena mambo hayo, au kumwambia, utaishi miaka mingi. Badala yake alikwenda mezani kwake, akarudi na kalamu na karatasi, akaketi.

“Atalivaa nani?” aliuliza. “Mwanamume au mwanamke?”

“Mwanamke. Utalivaa wewe ukiwa hai. Ukiwa hupo, mke wa mwenyekiti, ingawa ananuka kitunguu.”

“Aseme kitu, au anyamaze?”

“Aseme. Wanawake hawawezi kupita kwenye maduka kimya, nani ataamini?”

Evanthia aliandika. “Koti lipi?”

“Lile la kahawia la baridi,” Harikleia alisema. “Jeusi usiliguse. Bitana yake imechanika, nitaaibika.”